Kabla hujaibadilisha simu: nini kinunuliwe kwanza kwa ajili ya video

Nilinunua simu mpya Darajani, Unguja, kwa kushawishiwa na kamera ya megapikseli 50, na wiki hiyo hiyo nikavuka nayo kwenda Chake Chake, Pemba, kurekodi maulidi nyumbani kwa shangazi yangu. Matari yalipoanza kupigwa sauti ilipasuka, na wasomaji walipotulia feni ya dari ilivuma kana kwamba ndiyo mgeni rasmi. Niliazimia kuiuza simu ile. Sikuiuza, kwa sababu niligundua kwamba kosa kubwa lilikuwa umbali: mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hushuka kwa desibeli 6, na simu hujaribu kufidia upungufu huo kwa kujiongezea usikivu yenyewe, ndipo mvumo wa feni unapopanda na pigo la tari linapoikuta haijajiandaa.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa maiki ya waya ya kubana kwenye nguo, ambayo ndiyo ya bei rahisi kuliko vyote nitakavyovitaja. Inamfaa mtu mmoja anayezungumza, awe anatoa mawaidha au anahojiwa. Tazama plagi yake: ya simu huwa na mistari mitatu, ya kamera miwili, ingawa baadhi ya maiki zina swichi ya kuchagua. Ikiwa simu yako haina tundu la milimita 3.5 utahitaji adapta ya USB-C, na hapo wengi huumia, kwa kuwa adapta za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina ndani yake kifaa cha kuigeuza sauti kuwa ya kidijitali na hukubaliana na baadhi ya simu tu. Ijaribu dukani kwa simu yako mwenyewe. Sponji ya kufunika maiki inatosha ndani ya nyumba. Pwani, wakati wa kusi, tafuta kifuniko cha manyoya.

Nafasi ya pili ni kinasa sauti cha pembeni, mfano wa Zoom H1n au Tascam DR-05. Ningekuwa narekodi taarabu kila wiki ningekiweka cha kwanza bila kusita, kwani hunasa kwa stereo na hukuruhusu kupanga kiwango cha sauti kwa mkono, ili fidla, ganuni na mwimbaji visimezwe na ngoma. Waombe wapige kwa nguvu zao zote kabla ya kuanza, kisha upange vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo ambapo sauti hupasuka. Piga kofi moja mbele ya kamera, upate alama ya kuoanisha sauti na picha baadaye. Kazi hiyo ya kuoanisha ndiyo iliyokishusha hadi hapa.

Maiki zisizo na waya ni za tatu. Zinapendeza kwa bibi harusi anayetembea, lakini betri huisha katikati ya shughuli, na zile za bei nafuu hukatika mawasiliano watu wanapojazana.

Simu nyingine naiweka mwisho. Fremu moja ya video ya 4K ni 3840 kwa 2160, yaani takriban pikseli milioni 8.3 tu, hivyo megapikseli 108 pekee hazitakupa video bora. Ukilazimika kuibadilisha, ulizia utulizaji wa picha unaofanywa na lenzi yenyewe, kwa sababu ule wa programu hukata kingo za picha na huacha ukungu usiku, kama pale Forodhani. Ikiwa kinachokuudhi ni taa kumemetameta, usinunue chochote: umeme wetu ni wa hezi 50, basi jaribu kurekodi kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 30.

Chochote utakachochagua, nenda dukani na hedifoni zako, urekodi dakika moja mlangoni ambapo pikipiki zinapita, na usikilize yote kabla ya kutoa fedha.