Maabara ya karibu na stendi: kupima wanajua, ila ile karatasi ya elfu kumi msinunue

Jamani nimekaa na hili wiki mbili nikaona niandike tu maana kuna mtu ataumia. Mimi na mchumba wangu tulienda kupima damu kabla ya ndoa, maabara moja ya mtaani hapa Tanga, jina silitaji.

Upimaji kwanza niusifie, kwa kweli wanajua. Dada wa maabara alivaa glavu mpya, akafungua sindano mpya mbele yangu, akanitoboa kidole akaweka matone matatu kwenye kigae cheupe, moja akadondoshea dawa ya bluu, jingine ya njano, la tatu ile isiyo na rangi, akakoroga na kijiti akawa anakitikisa kigae taratibu, akaniambia "angalia mwenyewe dada'angu". La bluu na la njano yakabaki laini vile vile, la tatu likakatika vipunje vipunje kama maziwa yaliyoharibika. Yaani A hamna, B hamna, ila ile alama ya "positive" ipo: O positive hiyo. Dakika tano hazikuisha, elfu tano tu.

Sasa balaa liko kaunta. Kaka wa pale akaniuzia karatasi ya "magonjwa na chakula cha kundi lako", elfu kumi, imeandikwa kabisa kwamba watu wa O hawaugui malaria na chandarua kwao sio lazima. Mdogo wangu ni O! Mwaka juzi amelazwa na malaria kali mpaka akaongezewa damu chupa mbili, karatasi inaniambia nini mie?

Ukweli ni kwamba O inasaidia, lakini sio hivyo. Seli zenye vimelea kwa mtu wa O hazigandamani sana na seli nyingine kama kwa mtu wa A au B, kwa hiyo mishipa midogo ya ubongo haizibi kirahisi, yaani unapunguziwa uwezekano wa malaria kuwa kali, kuugua unaugua na mbu anakung'ata kama kawaida. Halafu hao hao O wakipata kipindupindu ndio kinawapiga vibaya kuliko wengine, hilo karatasi imekaa kimya wakati mvua zikizidi mjini tunajua kinachofuata.

Na kama wanataka kuongelea damu na malaria si waseme yale ya kweli, yapo mengi na mazuri. Hapo Kilifi tu, ng'ambo ya mpaka, kuna watu wana alama ya damu inaitwa Dantu, imerithiwa, utando wa seli zao umekaza kiasi kwamba kimelea kinahangaika kuingia, utafiti wa 2017 ulionyesha inapunguza malaria kali kwa karibu 40%. Na Waafrika wengi tumezaliwa bila alama ya Duffy kwenye seli nyekundu, ndio maana ile malaria ya vivax inapata shida sana kutuingia, hilo limejulikana tangu 1976. Ila falciparum, aina nyingine ya malaria ambayo ndio imejaa huku kwetu, haijali Duffy kabisa.

Kingine, sikoseli. Mchumba wangu walimpima ile ya haraka wakamwandikia "positive" basi, akatoka pale amenyong'onyea anadhani ni mgonjwa na harusi imekufa. Kile kipimo hakitofautishi AS (amerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu, sio mgonjwa) na SS (amerithi kwa wote wawili, ndiye mgonjwa)! Ilibidi nirudi kwa yule dada wa kigae, ndiye aliyetuelekeza twende hospitali kubwa kufanya ile ya kutenganisha himoglobini kwa umeme. Majibu yakaja: yeye AS, mimi AA (sina sikoseli kabisa), maana yake mtoto atakuwa AA au AS, SS haipo. Na huyo AS ndio mwenye kinga kubwa ya malaria kali, mtafiti Allison aliandika tangu 1954, ndio sababu sikoseli imejaa sana pwani na kanda ya ziwa.

Kwa hiyo nyota 3, zote za dada wa maabara. Nendeni asubuhi saa moja foleni haijawa ndefu, pimeni kundi, lipeni elfu tano mwondoke, na sikoseli mkafanyie hospitali moja kwa moja. Akiwaletea ile karatasi mrudishieni.