Kipima unyevu cha piano: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Kati ya vitu vyote nilivyonunulia piano yetu, hiki ndicho kilichonisaidia zaidi, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Ni kipima unyevu cha dijitali kinachoenea kiganjani, kinatumia betri ya saa, na kinaonyesha joto la chumba na unyevu wa hewa kwa asilimia. Kinakumbuka pia kiwango cha juu na cha chini tangu ulipofuta kumbukumbu zake mara ya mwisho. Nilikipata mjini, duka la vifaa vya umeme, kwa pesa isiyofika robo ya malipo ya fundi wa piano anapokuja mara moja.

Piano ikipoteza sauti yake sahihi, wengi husema imezeeka. Mara nyingi uzee haumo kabisa. Piano ina nyuzi zipatazo 230, zimevutwa kwa nguvu ambayo ukiijumlisha inapita tani 15, na nyuma yake, kwa hizi za kusimama, kuna ubao mpana, mwembamba, uliobinuka kidogo. Huo ndio unaotoa sauti. Hewa ikikauka, ubao unasinyaa, mbinuko unapungua, nyuzi zinalegea, na noti za katikati ndizo zinazoshuka kwanza. Mvua zikirudi ubao unavimba na sauti inapanda. Yote hayo yanatokea hata kama hakuna mtoto aliyegusa kitufe.

Wenzetu wa Bukavu na Goma wana ziwa mlangoni na kiangazi chao ni kifupi. Sisi tunaanza kukauka Mei, tunafika Septemba bila mvua ya maana, halafu joto la Oktoba linatukuta hapo hapo. Piano inapenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Mwisho wa Agosti kifaa kilinionyesha 24, mchana, sebuleni, madirisha yakiwa wazi. Januari kilipanda hadi 71. Nilipoziona namba hizo mbili nilielewa kwa nini noti ya “la” ya katikati, ambayo fundi aliiacha kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, haikai pale.

Kabla ya kukiamini, kipime. Weka chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe tope zito, isiyeyuke yote. Itie pamoja na kifaa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, chumvi isikiguse, uache usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma 70, kwa hiyo kila ninachokiona naongeza 5. Kwa kazi hii inatosha kabisa.

Faida kubwa niliiona fundi alipokuja mwanzoni mwa Novemba. Nilimwonyesha namba nilizoandika kila Jumapili kwenye daftari. Akazisoma zote, akafungua mfuniko, akapiga noti chache akisikiliza jinsi zile nyuzi tatu za noti moja zinavyoyumba, kila moja na sauti yake. Halafu akarudisha ufunguo wake wa kukazia nyuzi mfukoni.

“Mama, tusikaze leo. Mvua ndiyo inaingia. Nikikaza sasa, Krismasi utaniita tena.”

“Sasa lini, papa?”

“Namba ikitulia wiki tatu, nne, nitumie ujumbe.”

Fundi anayekataa pesa ya siku hiyo ili kazi yake idumu, huyo ni wa kumshika. Alirudi unyevu ulipotulia, na sauti ilishika msimu wote wa mvua.

Kifaa hakiongezi wala hakipunguzi unyevu, kinakuambia tu. Kuna mifumo ya umeme inayofungwa ndani ya piano kusawazisha hewa, ila inataka umeme usiokatika, na hapa kwetu mnajua hali. Mimi kiangazi nafunga madirisha mchana, upepo wa vumbi jekundu usiingie, na naweka beseni pana la maji na taulo zilizolowa chumbani, mbali na piano. Tafadhali msiweke kopo la maji ndani ya piano, kama wengine wanavyofanya. Likimwagika, nyuzi zinashika kutu. Na piano yenyewe isikae inapopigwa na jua la dirishani.

Kasoro zake: kiguu cha plastiki kilivunjika mapema, na maandishi hayasomeki jioni bila tochi. Kiweke karibu na piano, usawa wa vitufe, si juu ya friji wala dirishani, la sivyo kitasoma hewa ya mahali pengine.

Kwa parokia au familia yenye piano ya nyuzi, nunueni kabla ya Mei, ili mpate namba za msimu mzima. Mwenye kibodi ya umeme asihangaike nacho, sauti yake haitoki kwenye ubao.