Uzoefu wangu: riwaya ya siri na mapenzi iliyonifikia Tanga bila kurasa za mwisho

Mimi ni fundi cherehani, chumba changu kiko Ngamiani, na riwaya ninazozipenda ni za aina moja tu: za zama za nyuma, zenye siri inayofichwa ndani ya nyumba, mapenzi yanayokuja wakati mbaya, na mwanamke asiyekubali kuambiwa anyamaze. Hadithi ya binti anayekaa dirishani akingoja kuokolewa huwa siimalizi.

Novemba niliagiza Jamaica Inn ya Daphne du Maurier kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya mtumba wa Dar es Salaam. Kitabu shilingi 8,000, kutumiwa kwa basi 3,000. Picha aliyonitumia ilikuwa ya jalada tu, nami sikuomba nyingine. Kilifika kimefungwa vizuri, karatasi imegeuka rangi ya chai, harufu ya kabati. Nikakianza usiku uleule.

Riwaya hii ilichapishwa mwaka 1936, lakini mambo yake ni ya mwanzoni mwa karne ya 19, huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Mary Yellan ana miaka 23. Mama yake amefariki, shamba limeuzwa, na kabla hajakata roho mama alimtaka aende kwa ndugu yake, Patience, aliyeolewa na mwenye nyumba ya wageni katikati ya nyika. Mary anapanda gari la farasi, mvua inanyesha, na dereva anamshangaa: watu wa heshima hawashuki pale. Anashuka. Nyumba yenyewe ipo kweli, kwenye nyika ya Bodmin, na mwandishi aliwahi kulala hapo kabla hajaandika. Hilo linaonekana, maana upepo wa kitabu hiki utausikia mpaka kwenye mifupa, hata ukiwa Tanga na joto la Desemba.

Desemba ndio mwezi wetu mafundi. Sare za shule zinarundikana hadi mlangoni. Usiku nilikuwa nasoma kurasa ishirini, thelathini, na mchana nawasimulia walioko chumbani: binti anayejifunza kazi kwangu, fundi mwenzangu wa overloki, na wateja waliokuja kuulizia sketi za watoto wakakuta hazijapindwa, wakakaa kusubiri. Siku ya tatu wapo waliokuja bila kuwa na nguo kwangu.

Swali la kwanza nililopigwa nalo lilinifanya nikisome kitabu upya. Nilipotaja kwamba Mary anakwenda kwa "aunt" wake, nikasema shangazi. Bibi mmoja wa Makorora akanikatiza: "Fundi, shangazi au mama mdogo?" Kiingereza hakikujali. Nikarudi nyuma, nikaona Patience ni ndugu wa mama, basi ni mama mdogo. Chumba kizima kikabadilika. Shangazi angeweza kumkaripia Mary na kumfundisha adabu. Mama mdogo ni mama, na mama huyu Mary alimjua akiwa na riboni na kicheko, sasa anamkuta mwanamke anayetetemeka mumewe akikohoa. Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini Mary hakimbii. Kila mtu alielewa anabaki kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo nilipompenda Mary. Usiku wa kwanza tu, mume wa mama mdogo, Joss Merlyn, jitu la mwili linalojaza mlango, anamtisha. Yeye anajibu kwa masharti: nitafanya kazi, sitauliza yanayotendeka humu, lakini ukimgusa mama mdogo nitakwenda kwa hakimu. Anaogopa, mwandishi hafichi. Anasema hivyo na magoti yanamgonga. Halafu anapanda chumbani kwake na kulala hawezi.

Siri inakuja Jumamosi usiku. Magari ya mizigo yanafika gizani, watu wanashusha na kupakia, kuna chumba kinachofungwa daima, na baadaye Mary anaona kamba inaning'inia kwenye boriti ya baa. Nilipofika hapo sikuhitaji kueleza. "Magendo!" walisema karibu kwa sauti moja. Sisi ni watu wa pwani, nani hapa hajasikia habari za bandari bubu? Mmoja, mume wake mvuvi wa Sahare, alikuwa na hakika kabisa. Mary naye alidhani hivyohivyo, na ndiyo ustadi wa kitabu: unapewa jibu mapema, unatulia nalo, kumbe chini yake lipo jingine baya zaidi. Nitalitaja kwa sababu linatokea mapema kiasi. Watu hawa wanawasha taa ya uongo ufukweni, meli inaifuata ikidhani ni njia salama, inapasuka miambani, na anayefika nchi kavu akiwa hai haachwi hai. Mke wa mvuvi aliiweka sindano chini. Hakusema kitu mpaka jioni, na alipoondoka aliniambia nisiendelee bila yeye.

Na nani anaifichua? Si polisi, si mpenzi. Joss mwenyewe, akiwa amelewa, anamtolea Mary nyuso za maiti anazoziota. Anamwambia yeye kwa sababu ndiye pekee ndani ya nyumba ile ambaye hakuvunjika. Mimi napima riwaya za aina hii kwa jambo hili moja: siri iwe imefunguka kwa sababu ya ukaidi wa mwanamke, na kuijua kumgharimu. Kwa Mary, akishajua, hawezi tena kuondoka wala kukaa. Nimesoma vitabu vingi ambamo binti ni jasiri sura tatu za mwanzo, kisha anatokea bwana mrefu mwenye koti na kumweleza kila kitu mwishoni. Huo ukaidi ulikuwa wa nini basi?

Mapenzi yapo, na yameandikwa kwa mtu mzima. Jem, mdogo wake Joss, ni mwizi wa farasi na wala hakatai. Siku moja kabla ya Krismasi anakwenda na Mary mnadani Launceston, anamuuza farasi mdogo aliyemuiba kwa bwana mkubwa wa eneo lile, na anayemnunua ni mke wa bwana huyohuyo. Tulicheka mpaka binti akashona zipu kichwa chini. Lakini Mary hacheki tu. Anajiuliza kama damu ya kaka haimo ndani ya mdogo, kama mikono ya Jem inayofanana na ya Joss haitakuja kumfanya yeye kuwa Patience wa pili. Swali hilo kila mwanamke aliyekaa kwenye benchi langu amewahi kujiuliza au kuulizwa na mama yake.

Kasoro zipo. Katikati Mary anatembea nyikani mara nyingi mno, na maelezo ya kinamasi na mawe yanarudiwa. Kama Kiingereza chako ni cha kusoma gazeti, hapo utachoka; ruka aya, utafika. Kubwa zaidi, humo kuna mtu mwenye ualbino, na mwandishi anaurudia weupe wa nywele na macho yake kana kwamba ni dalili ya kitu kisicho cha kawaida. Mteja wangu mmoja huja na mwanawe mwenye ualbino, anakaa naye hapohapo chini ya feni. Tunajua nchi hii imewatendea nini watu hawa kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Maelezo yale sikuyasimulia. Nilimwita yule mtu kwa kazi yake tu, na hadithi haikupungua hata uzi mmoja, jambo ambalo lilinionyesha kwamba hayakuwa na lazima.

Sasa niseme lililonipata. Zilikuwa zimebaki sura chache. Mary yuko peke yake chumbani, ametulia kwa mara ya kwanza baada ya usiku mbaya kuliko wote, anavuta mtoto wa meza, anaona karatasi ina mchoro. Anautazama. Nikageuza ukurasa, nikakuta jalada la nyuma. Kurasa zote za mwisho zilikuwa zimetoka, uzi wa mgongo umekatika, na muuzaji ameligandisha jalada kwa gundi ili lisionekane. Nilimpigia asubuhi. Akasema vitabu vya mtumba vinauzwa kama vilivyo. Nilimjibu kwamba riwaya ya siri isiyo na mwisho ni sawa na gauni lisilo na mgongo, na mimi nikimkabidhi mteja gauni hilo sitapokea hela. Hakurudisha kitu. Kwa hiyo unayenunua kwa picha, omba video ya kurasa za mwisho kabla hujatuma pesa, na umwombe aufungue mgongo uuone uzi.

Wiki tatu tulikaa bila kujua. Lakini nakiri wiki hizo ndizo zilizonifundisha ubora wa kitabu, maana kila mtu alikuwa na mshukiwa wake na kila mshukiwa alikuwa na ushahidi. Waliurudia mchoro: una nini? Wa nani? Mke wa mvuvi ndiye aliyepatia, na alisema sababu ambayo mimi nisomaye sikuiona: mtu yule alikuwa anasikiliza sana na hakushangaa hata mara moja. Mwalimu mstaafu wa Raskazone, ninayemshonea suruali, alikuwa na nakala nzima. Akaniazima kwa siku mbili.

Ambaye anataka kukisoma aruke aya hii. Mwishoni Mary ameamua kurudi Helford, kwao, akalime shamba kama mwanamume. Ndivyo alivyotamani tangu ukurasa wa kwanza. Nyikani anakutana na Jem na mkokoteni wake, anaelekea upande mwingine, na Mary anapanda. Chumba kiligawanyika. Binti alifurahi. Fundi mwenzangu alikasirika kabisa: mwanamke aliyemwekea masharti Joss amepanda gari bila kuweka hata sharti moja? Bibi wa Makorora akasema hapana, safari hii hakuna aliyemtuma, si mama, si kaburi. Amepanda kwa miguu yake. Mimi niko na fundi mwenzangu. Kurasa zote zile amelipa bei ya kujua, halafu mwandishi anampa nusu ukurasa wa kuamua. Nilitaka asimame kwanza, aulize, amwambie Jem kile alichokiona kwa Patience. Ningempandisha mkokotenini hatimaye, lakini baada ya maneno.

Baada ya hapo niliwasomea Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, kwa sababu nilitaka wasikie hadithi ya namna hii kwa lugha yetu bila mimi kuwa katikati. Ni Unguja ya wakati wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa akiwa na miaka 15 kwa mwenye duka aliyemzidi umri kupita kiasi. Anaikimbia ndoa, wa kwao wanamkataa, Mwajuma anampokea, na anakuja kumpenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na makachero wa serikali kwa harakati zake za siri. Siri hapa haifichwi chumbani, inapita mitaani na karatasi zilizopigwa marufuku, na mapenzi yenyewe ni hatari ya kukamatwa. Kama una pesa ya kitabu kimoja, nunua hiki. Kiswahili chake kinasomeka kwa sauti bila kukwama, na Mwajuma peke yake anatosha kuwa sababu: ukaidi wa Yasmin ungekufa wiki ya kwanza kama asingekuwepo mwanamke wa kumfungulia mlango. Jamaica Inn haina mtu huyo. Mary hana Mwajuma, na nadhani ndiyo maana anapanda mkokoteni.

Ninachotamani ni riwaya ya hapa kwetu. Tanga ilianza kujengewa reli mwaka 1893, mwaka huohuo Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge kutoka Florida, 1,000 ikaondoka na 62 ikafika hai. Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa na wanajeshi kutoka India, wakarudishwa baharini, na nyuki wakawauma katikati ya mapigano. Katika hayo yote alikuwepo mwanamke aliyefunga mlango, akasikia kitu usiku, akaamua kwenda kuangalia. Mtu amwandike. Nitanunua kwa bei yoyote, mpya, kurasa zote zikiwemo.

Nakala yangu ya Jamaica Inn sikuitupa. Kabla sijamrudishia mwalimu kitabu chake, nilikaa usiku mbili na daftari la kurasa 48, nikaandika mwisho kwa Kiswahili kama nilivyokuwa nikiwasimulia, nikalishona nyuma ya kitabu kwa sindano ya magunia. Kwa hiyo kinaanza kwa Kiingereza na kumalizikia kwa mwandiko wangu. Kiko kwenye kabati la vitambaa, juu ya bitana. Wa kwanza kukiazima alikuwa mke wa mvuvi. Kiingereza hajui, alichukua kusoma daftari.