Waya masikioni, udi mapajani: uzoefu wangu wa monita za masikioni hapa Lamu

Mpiga udi yeyote aliyewahi kukaa mbele ya monita ya chini anaujua ule mvumo. Udi ni sanduku tupu la mbao. Sauti ikitoka kwenye spika iliyo miguuni pako huingia tumboni mwa udi, mbao zikatetema, pikapu, kile kinasa sauti cha udi, ikaichukua tena na kuirudisha kwenye spika, na mara ukumbi mzima unavuma kama boti inayokaribia gati. Fundi wa mitambo anapunguza. Mvumo unakwisha, na udi wako nao umekwisha: unapiga nyuzi na huzisikii. Hivyo ndivyo nilivyopiga na kuimba kwenye maharusi ya Lamu kwa miaka mingi, nikikisia nota kwa vidole, nikikaza sauti mpaka koo linawaka, kisha narudi nyumbani alfajiri masikio yanalia.

Mwaka jana niliachana na monita za chini, nikahamia za masikioni, yaani iafoni zinazoniletea sauti ya jukwaa, tena za waya. Nawaandikia kwanza wenzangu wa taarabu, kwa sababu karibu maelezo yote niliyoyakuta kabla ya kununua yalihusu bendi za gitaa, watu wanaozunguka jukwaa zima. Sisi tunakaa kwenye viti. Udi uko mapajani, fidla begani, kinanda mezani, na hakuna anayekwenda popote mpaka nyimbo ziishe. Hilo peke yake lilitosha kunifanya niulize: kwa nini nilipie mawimbi ya redio?

Nilichonunua ni kisanduku kidogo cha kubana kiunoni, kinachotumia betri mbili za AAA. Kina tundu la kuingizia waya wa XLR, tundu dogo la iafoni, na kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti. Waya ni ule ule wa maiki. Nilitumia wa mita 10 niliokuwa nao. Unatoka kwenye tundu la AUX la miksa, yaani njia ya pembeni ya kutoa sauti, na kuishia kiunoni pangu. Iafoni zenyewe ni zile zinazoziba kabisa tundu la sikio, waya wake ukapitia nyuma ya sikio na kushuka mgongoni. Jumla nilitumia chini ya shilingi 15,000. Seti isiyo na waya niliyoulizia Mombasa ilizidi mara tano ya hapo, na hiyo ni ya mtu mmoja. Mwimbaji anayesimama na kutembea kati ya watu ana haki ya kuitaka. Mimi udi wangu tayari una waya wake, basi nimezifunga waya zote mbili pamoja kwa tepu kila baada ya shubiri tatu, zikawa kama waya mmoja. Wala sina wasiwasi kwamba maiki ya mshereheshaji itagongana na masafa yangu katikati ya ubeti.

Kabla ya lolote, jifunze kuzivaa. Zangu zilikuja na vifuniko vya mpira na vingine vya sponji. Vya mpira vilinitoka kila nilipofungua mdomo kuimba. Vya sponji unavifinya kwa vidole mpaka viwe vyembamba, unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, unaingiza, halafu unakishikilia kifuniko hapo nusu dakika kinapofura na kuziba. Ukiharakisha, besi yote inapotea na utadhani umeuziwa takataka. Nusu ya malalamiko ninayoyasikia kwa wenzangu ni ya hapo tu.

Swichi ya mono nayo iangalie. Miksa yetu inanipa AUX moja, kwa hiyo kisanduku lazima kiwe kwenye mono, sauti moja kwa masikio yote mawili. Siku niliyokisahau kwenye stirio nilisikia upande mmoja na nikatafuta kosa kwenye waya kwa robo saa nzima.

Usiku wa kwanza ulikuwa harusi Langoni, uwanjani. Sijawahi kusikia udi wangu hivyo nikiwa kazini. Kila kidole kilichochelewa nilikisikia. Sauti yangu niliisikia bila kuikaza, na kwa mara ya kwanza nilifika wimbo wa mwisho koo likiwa zima. Lakini raha yenyewe ilikuwa ya upweke. Watu walikuwa mbele yangu, naona mikono inapiga makofi na sisikii makofi. Vigelegele viliniishia masikioni kama kitu cha mtaa wa pili.

Kisha akaja mama mmoja kutunza. Aliweka pesa, akaniinamia, akasema neno. Niliona midomo tu. Nikaitikia kwa kichwa, nikaingia ubeti uliofuata. Alibaki amesimama kidogo, ndipo akarudi kitini. Baadaye mpwa wake ndiye aliyenieleza: bibi yake bi harusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia, ameshikwa mkono, na mama yule aliniomba niurudie ubeti wa mwanzo ili mzee ausikie. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, lakini lile jambo liliniuma kuliko mluzi wowote wa spika. Taarabu ni mazungumzo. Anayeimba asipomsikia anayemtunza, amekata mazungumzo nusu.

Wengi wakifika hapo huchomoa sikio moja. Nami nilifanya hivyo harusi mbili, na nawaomba msifanye. Sikio lililobaki husikia kidogo kuliko yote mawili pamoja, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe na kuongeza, na lile lililo wazi linaendelea kupigwa na spika kubwa. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikizidi 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na ukifika 100 una robo saa. Sisi tunaanza saa nne za usiku na tunamaliza saa nane. Monita za masikioni hulinda masikio kwa sababu zinaziba kelele za nje na kukuruhusu usikilize kwa sauti ndogo. Ukizipandisha, umejisogezea spika mpaka kwenye ngoma ya sikio.

Dawa aliileta kijana wetu wa mitambo. Aliniambia, "Ami, nipe maiki mbili nikuletee watu." Akazisimamisha pembeni mwa jukwaa, moja kila upande, zikielekea wasikilizaji, akazipitisha kwenye AUX yangu tu. Siri iko kwenye miksa: AUX hiyo inachukua sauti kabla ya feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya ukumbi. Kwa hiyo feda za maiki zile mbili zinabaki chini kabisa, hakuna kinachotoka kwenye spika kubwa, na wala hazipigi mluzi, lakini mimi nazisikia. Harusi iliyofuata vigelegele vilinirudia. Anayekuja kutunza namsikia akiwa bado hatua mbili. Kama utanunua vifaa hivi na huna maiki hata moja ya kuwaelekezea watu, ngoja kwanza mpaka uipate. Tena mkubaliane na fundi wako kwamba AUX za masikioni ni za kabla ya feda, la sivyo kila akigusa sauti ya ukumbi na yako inapanda na kushuka.

Sauti yako mwenyewe nayo itakushangaza. Masikio yakizibwa, inavuma ndani ya kichwa, hasa kwenye herufi kama "u" na "i". Niliomba apunguze besi kwenye sauti yangu na aongeze kinanda kidogo, na baada ya harusi tatu nne nikazoea.

Hatari kubwa niliyokutana nayo ni mshindo. Mtu alichomoa jeki ya kinanda bila kumwambia fundi azime. Kwenye spika kubwa ulisikika kama mlango umebamizwa. Mimi nilishika kichwa. Kisanduku changu hakina limita, kizuizi cha sauti isipite kiwango, na hapo najuta kutolipia zaidi. Mwenye kununua leo atafute chenye limita, au aombe iwekwe kwenye miksa kama ni ya kidijitali. Na desturi yetu sasa: hakuna anayechomoa kitu mpaka kijana wa mitambo ainue mkono.

Chumvi ndiyo adui wa pili. Hapa kwetu pwani kila shaba inaota ukijani. Baada ya miezi michache sikio la kushoto lilianza kukwaruza, nikaona pete za jeki zimebadilika rangi. Nikazifuta kwa spiriti na kitambaa, likapona. Sasa nafuta kila baada ya kazi, na vyote vinalala ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Betri nabadilisha kila harusi, hata kama bado zina nguvu. Za zamani nampa mtoto kwa tochi yake. Dalili ya betri kuchoka ni sauti kupasuka kwenye nota za nguvu, na hutaki kuigundua ukiwa juu kwenye ubeti wa tatu.

Faida moja sikuifikiria kabisa. Mji wetu wa kale hauna magari. Vyombo vyetu hubebwa na punda na mikokoteni, na tukialikwa Matondoni au Pate vinapandishwa boti. Monita nne za chini ni mzigo wa mnyama mzima, tena vitu vya kulowa. Sasa mbili tumeziacha nyumbani. Na jukwaa lenyewe limetulia: spika zisipopiga kelele kwetu, maiki ya fidla haichukui tena ngoma ya dumbak na kinanda, na walioketi mbele wanasikia maneno. Shela, wakati wa kaskazi, upepo ukipuliza kutoka baharini, monita za chini zilikuwa zinapeperuka kama moshi. Upepo hauingii masikioni.

Miksa yetu ina AUX nne, kwa hiyo tumefika watu wanne: mimi, kinanda, mwimbaji wa pili na fidla. Wapiga dumbak na tari ya rika bado wanatumia monita ya chini, na wanasema wanaitaka, mwili uusikie mdundo. Ami yetu wa fidla ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Amepiga tangu kabla sijazaliwa na alisema hataki kuzibwa masikio kama mgonjwa. Tulimvalisha mazoezini, nikamfinyia sponji mwenyewe, tukamwekea fidla yake tu. Akavuta uta mara moja, polepole, nyuzi zote nne. Akanyamaza. Kisha akalegeza kigingi kimoja, akakikaza tena, akakilegeza, mpaka akaridhika, ndipo akaniambia, "Mwanangu, sasa niongezee udi, lakini usinifunike."