Namba moja, magauni mawili: uzoefu wangu na programu ya madokezo

Nilijipa siku kadhaa kabla ya kuandika, nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Mimi ni fundi cherehani. Daftari langu la vipimo lilinyeshewa msimu mmoja wa mvua, wino ukatambaa, viuno vya watu vikawa madoa ya bluu. Ndipo mtoto wa dada yangu, anayesoma kompyuta chuoni, akaniwekea hii programu kwenye simu. Jina lake silitaji, lakini anayeitumia ataijua tu.

Na niseme kweli, niliipenda. Niliipenda kwa sababu ya jambo moja: kila dokezo unalofungua inalipatia namba yake. Tarakimu 12, mwaka, mwezi, tarehe, saa, dakika. Mnaojua kazi hii mnajua shida ya majina. Nina akina Mama Abdul watatu. Wakati wa daftari nilikuwa natofautisha kwa maneno, huyu "Mama Abdul wa gengeni", yule "Mama Abdul mnene", mpaka siku Mama Abdul mnene aliponisogelea begani akasoma. Alinyamaza, akachukua kitambaa chake, akaenda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo namba kwangu ilikuwa ukombozi. Nakata kipande cha karatasi, naandika namba, nakibana na pini kwenye kitambaa. Siku ya kukata naandika namba ile kwenye simu, dokezo linakuja na vipimo vyote. Hakuna mnene, hakuna mwembamba.

Basi ikafika Ramadhani, kumi la mwisho. Fundi gani hajui kumi la mwisho? Watu wamekaa na vitambaa tangu Shaaban, wanakuja wote siku moja, na kila mmoja anataka avae asubuhi ya Idi. Nikampa binti ninayemfundisha kazi aingie kwenye akaunti yangu kwa simu yake, ili tupime wawili kwa pamoja. Jioni hiyo bando lilikuwa limekata kwenye simu zote mbili, na hatukuwa na nafasi ya kwenda kununua. Programu inaandika hata bila intaneti, tukaendelea. Mimi nikampima mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi: kifua 44, kiuno 38, nyonga 48. Pale pembeni binti anampima msichana: kifua 34, kiuno 28. Madokezo yote ya wiki hiyo tulikuwa tunayaita "Gauni la Idi". Tuyape majina gani, na namba ipo?

Mshaona inakoelekea.

Tuliandika ndani ya dakika moja. Simu yangu ikatoa namba, simu yake ikatoa namba, na namba ikawa ile ile, tarakimu zote 12. Vikaratasi viwili, vitambaa viwili, namba moja. Usiku tulipopata bando simu zikasawazishana, dokezo lililohifadhiwa mwisho likalimeza la kwanza. Haikuniuliza. Haikunionya. Vipimo vya yule mama vikafutika kana kwamba sikuwahi kumzungushia tepu kiunoni.

Nilikata karibu na daku. Lesi ya kijani, nzito, yenye shanga, aliyoinunua kwa kudunduliza. Nimeandika namba, dokezo limekuja, kifua 34. Nitajilaumu hapa, kwa sababu macho yangu yalipaswa kukataa. Mteja ninayemjua miaka, mwili wake naujua. Lakini lilikuwa gauni la 16 usiku ule, na namba ilikuwa haijawahi kunidanganya. Nikapitisha mkasi. Binti alipoinyanyua lesi ili aunganishe mabega ndipo nikaona, na mkono ukanifa ganzi. Kitambaa ukikikata kikubwa unapunguza. Ukikikata kidogo unakiangalia tu.

Sasa nije kwa huduma kwa wateja, maana hapo ndipo nilipopandwa na mori hasa. Nikawaandikia kwa adabu, nikaeleza yote, nikapiga na picha ya vikaratasi viwili. Jibu likaja baada ya siku mbili. "Mpendwa mtumiaji, programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Uwezekano wa madokezo mawili kupata namba moja ni mdogo sana. Tunakushauri uyape madokezo yako vichwa tofauti." Na mwishoni wakaniwekea kikatuni cha uso unaocheka.

Mdogo kwa nani? Kwa mtu mmoja aliyekaa na simu moja akiandika mawazo yake, sawa, mdogo. Watu wawili wanaopima foleni ya wateja jioni nzima, kila baada ya dakika mbili tatu dokezo jipya, hapo kugongana ni suala la lini. Na kama nikitaka kutofautisha kwa vichwa, namba yenu ni ya nini? Urembo?

Mtoto wa dada alipokuja kufuturu akanielewesha. Anasema, mama mdogo, zipo programu zinazotoa namba za kubahatisha, biti 128, zikiandikwa ni herufi na tarakimu 32 pamoja na vistari 4. Hata simu zote za Kariakoo zikikesha zinaandika, hazitagongana. Nikamwambia vizuri, sasa njoo uniandikie mlolongo huo wa herufi 36 kwenye kikaratasi cha pini, kisha uusome taa ikiwa imekatika. Akacheka. Akanitolea na habari ya mwanasosholojia wa Kijerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki 1998, ambaye alikuwa na kadi za karatasi kama 90,000, kila moja na namba yake, 1, 1a, 1a1, na namba ikishatolewa haibadilishwi. Nimempenda huyo mzee, tungeelewana. Ila yeye kadi zake aliziandika mwenyewe, hakuwa na binti anayetoa namba kwa simu ya pili.

Na hiyo saa yenyewe inanichefua. Namba wanaipiga kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu saa tatu. Dokezo la yule mama linaishia 1407. Ukisoma unasema saa nane na dakika saba mchana, wakati mimi nilimpima saa kumi na moja jioni, harufu ya sambusa imeshaanza mtaani. Nikiandika baada ya saa sita usiku, namba inakuja na tarehe ya siku iliyopita. Sisi ambao saa yetu tayari tunaigeuza kichwani, tukitaja tatu wao wanasoma tisa, sasa tunageuza mara mbili.

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Kisha yule kijana akachimba kwenye mipangilio, ndani, ndani kabisa, chini ya kitu kinachoitwa "Mengineyo", akakuta kitufe: ongeza sekunde kwenye namba. Tarakimu zinakuwa 14. Haimalizi tatizo, kwa kuwa sekunde nayo watu wawili wanaweza kuipata pamoja, lakini ingeniokoa jioni ile. Nikafurahi, nikasema nyota tatu. Halafu nikawaza: kumbe walijua! Mtu hatengenezi kitufe cha sekunde kama hajui dakika haitoshi. Walijua, wakakificha, wakakiacha kimezimwa, na nilipolia wakanichekea. Rudisheni nyota zangu. Moja.

Lakini sijaiondoa. Sijui mtanionaje. Daftari nimelijaribu wiki moja, nikajikuta natafuta vipimo vya mtu kwa kulamba kidole na kufunua kurasa huku mteja kasimama. Kwa kutafuta, hii programu haina mpinzani. Sasa hivi kila dokezo likipata namba tunaiongezea herufi kwa mkono, M kwa simu yangu, B kwa simu ya binti, na hiyo ndiyo inayokwenda kwenye kikaratasi. Nimeshaitisha vipimo vya gauni mia na kitu kwa mtindo huo. Nyota mbili, basi, na moja kati ya hizo ni ya hiyo herufi yangu.

Yule mama nilimnunulia lesi nyingine kwa fedha yangu. Rangi ile haikupatikana. Asubuhi ya Idi alipita mbele ya kibanda na dera la mwaka jana, akaniamkia vizuri tu, na ningependa zaidi angenitukana.

Haya yote nimeyaandika humo humo ndani ya programu, usiku huu, imeshapita saa saba. Nimetazama namba iliyonipa. Inasema ni jana.