Kuomba msamaha wa kodi ya jengo kwa mama mzee: uzoefu wangu

Nianze na kijana wa dirisha la kupokea maombi, maana bado ananikereketa. Mama ana miaka sabini na kitu, amesimama na mkongojo wake, na kijana hata shikamoo hakumpa. Alichukua nakala ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA, akaitupia jicho, akairudisha: "Hii haithibitishi umri. Leteni cheti cha kuzaliwa."

Haithibitishi umri! Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mtu anayepokea maombi ya wazee kutwa nzima hajui kusoma hilo? Wazee wengi wa rika la mama walizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, cheti hawajawahi kukiona. Kumwambia mzee wa namna hiyo akahangaike RITA, kwenye ofisi za vyeti vya kuzaliwa, au akaape mahakamani kwa sababu ya kodi ya shilingi 18,000 kwa mwaka ni kumfukuza. Wengi hawarudi tena, na kodi inaendelea kukatwa.

Kwa asiyejua: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa ndani ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Mzee aliyefikisha miaka 60, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe isiyofanyiwa biashara, anasamehewa, na msamaha ni wa nyumba moja tu. Ila mita haijui umri wa mtu. Itakata mpaka mwenye nyumba aombe aondolewe. Na asiponunua umeme miezi mitatu, akija kununua wa 5,000 inameza kwanza 4,500 ya kodi. Mzee anabaki akidhani wakala kamwibia.

Kazi kubwa iko kwenye barua ya Mtendaji wa Mtaa. Tulipeleka ya kwanza iliyosema tu "ni mkazi wangu", haikusaidia kitu. Barua itaje kwamba mzee ndiye mmiliki, anaishi humo, nyumba haina biashara, na iandikwe namba ya mita, tarakimu zote 11. Usiandike namba kwa kukumbuka, inakili kutoka kwenye risiti ya umeme. Ikikosewa tarakimu moja, msamaha unaweza kwenda kwenye mita ya mtu mwingine. Ambatisha nakala ya NIDA, nakala ya hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano, na risiti ya LUKU ya karibuni. Durufu kila kitu mara mbili, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri huo, faili likipotea mnaanza moja.

Kinachokwamisha wengi ni jina. Mita imesajiliwa kwa jina la marehemu mume, au la aliyewauzia nyumba zamani, na NIDA ina jina la mama. Mtendaji aeleze uhusiano huo ndani ya barua ileile, usingoje kuulizwa. Nyumba ikiwa na mita mbili, taja zote mbili, maana kila mita inaweza kuwa inakata kivyake. Na kama mbele kuna fremu ya duka, semeni ukweli mapema, maana mkaguzi akija ataiona.

Nilikuwa nimeamua kuandika kwamba huduma hii haifai kabisa. Lakini siku ya pili tuliingizwa chumba cha ndani. Dada mmoja alisimama, akamwamkia mama, akampa kiti, akasoma ile namba ya NIDA kwa sauti na kusema, "Mama umeshavuka sitini siku nyingi." Kazi iliisha kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo utaratibu si mbovu, na kwa yule dada ningewapa alama zote. Halafu nakumbuka mama alivyorudi nyumbani siku ya kwanza bila kusema neno, alama zote nazifuta. Fedha zilizokuwa zimeshakatwa nazo hatukurudishiwa.

Bado nawaambia nendeni, tena mapema, kila mwezi mnaongoja ni 1,500. Asubuhi na mapema ndiyo nzuri, na mkikwama dirishani ombeni kumwona msimamizi. Mwezi unaofuata, manunuzi ya kwanza kabisa, someni risiti: VAT, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Pakiwa na makato mengine chini yake, rudini na ile nakala yenye muhuri.