Loaded Lux dhidi ya Calicoe: pambano la kuanza nalo

Anayetaka kujua kuchana ana kwa ana (battle rap, marapa wawili wakirushiana mistari) kukoje aanze na pambano la Loaded Lux na Calicoe, kwenye tukio la Summer Madness 2, mwaka 2012. Video ipo YouTube, kwenye chaneli ya URL (Ultimate Rap League), ligi ya Marekani iliyoandaa pambano hilo. Lux ni wa Harlem, New York, aliyejijengea jina enzi za SMACK, DVD zilizosambaza mapambano ya aina hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kukabiliana na mchanaji mwenzake Murda Mook, kisha akakaa kando ya ulingo kwa miaka. Calicoe ni wa Detroit, kizazi kilichopanda na URL yenyewe, na usiku ule alikuwa wa moto kweli.

Kila mmoja ana raundi tatu. Hakuna biti, hakuna jaji, mashabiki ndio wanaoamua. Mistari huandikwa na kukaririwa kabla, ndiyo maana inamgusa mpinzani kwa jina, mji na familia. Fristaili, yaani mistari ya papo kwa papo, huonekana zaidi mwanzoni mwa raundi, pale mchanaji anapojibu alichorushiwa dakika hiyo hiyo.

Calicoe anachana kwa sauti kubwa na kifua mbele. Mistari yake ni mifupi, pigo (punchline, kile kinachomuumiza mpinzani) linakaa kwenye neno la mwisho, halafu ananyamaza kuwapa watu nafasi ya kupiga kelele. Mtindo huo unalipa haraka, na raundi ya kwanza inamweka karibu kabisa na Lux. Kinachomwangusha ni kwamba vitisho vyake vingi vya bunduki vingemfaa mpinzani yeyote. Ukimtoa Lux ukamweka mtu mwingine, mstari unabaki vilevile.

Lux anafanya kazi nyingine kabisa. Anapanda neno moja, analiacha, anapita mistari kadhaa, kisha analirudia likiwa na maana ya pili. Kujenga namna hiyo ni hatari: ukisahau kiungo kimoja katikati, pigo la mwisho halieleweki, na watu wanaosubiri muda mrefu huanza kupoa. Kuna sehemu anazivuta kupita kiasi, hasa kabla ya raundi ya tatu.

Lakini hiyo raundi ya tatu! Lux anaigiza mazishi ya Calicoe, yeye akiwa mhubiri. Anashusha sauti badala ya kuipandisha, anazungumzia baba, malezi na maisha ya mtaani, na ukumbi uliokuwa ukipiga kelele unaanza kusikiliza. Hapo ndipo ukongwe unapoonekana: kijana anajaza kila sekunde, Lux anaacha ukimya ufanye kazi. Kibwagizo chake kuhusu "kazi" (work, yaani kipigo) atakayompa Calicoe kilibaki midomoni mwa mashabiki miaka mingi baadaye. Kwangu raundi ya pili na ya tatu ni za Lux, na ya tatu haina mjadala.

Kasoro ya video ni sauti. Jukwaa limejaa watu, na shangwe hufunika silabi za mwisho, ambako ndiko pigo lilipo. Vaa hedifoni. Mara ya kwanza tazama mfululizo bila kusimamisha, upate joto la ukumbi. Mara ya pili punguza kasi hadi 0.75 na urudishe nyuma sekunde 10 kila watu wanaporuka na wewe hujaelewa; mara nyingi ufunguo uko mistari miwili au mitatu nyuma, haupo kwenye neno lililoshangiliwa. Maandishi ya YouTube yanayojitengeneza yenyewe usiyategemee, yanavuruga misimu ya mtaani na majina.

Lugha ni chafu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo usiifungulie sebuleni watoto wakiwepo. Ukishaizoea, tafuta Lux na Murda Mook waliporudiana kwenye tukio la Total Slaughter, ukumbi wa Hammerstein Ballroom, New York, Julai 2014. Pale wote wawili ni wakongwe, na mbinu ya kusubiri haimpi Lux faida ileile, kwa sababu Mook naye anajua kusubiri.